Nyie mnaochora majengo ya ufukweni, hebu njooni hapa

Nimeletewa tena mchoro wa hoteli ya ufukweni, graundi imezibwa bloku pande zote, jenereta chini, paneli ya umeme chini, na aliyechora ana digrii jamani. Haya tuanze upya, jengo la ufukweni linachorwaje likabiliane na tsunami.

1. Msiniambie tsunami ni mambo ya Wajapani. Ile ya 26 Desemba 2004 ilitoka Sumatra ikavuka bahari nzima, ikaichapa Hafun kule Somalia na Tanzania pia watu walikufa. Kenya iliwakuta maji yamekupwa ndo ikawa nafuu, sasa siku ikikuta bamvua?

2. Hii ndefu, kaeni. Enzi zangu nilichora jengo la ghorofa tatu karibu kabisa na maji, chini nikaziba kote, vidirisha vidogo, mlango mzito. Nikapiga hesabu ya msukumo, maji ya mita 3 hata yakiwa yametulia tu yanasukuma kama tani 4 na nusu kwa kila mita ya urefu wa ukuta, ukuta wangu ukabeba, nikavimba kichwa. Kwenye kikao mzee mmoja akauliza, "Maji yakifika dirishani na ndani bado pakavu, jengo lako lina uzito gani?" Nikaanza kubonyeza kalkuleta mbele ya mteja, mikono inatetemeka, maana kila mita ya ujazo ya hewa niliyoifungia humo maji ya bahari yanainyanyua kwa zaidi ya tani moja, na paili zangu, zile nguzo za msingi zinazozama ardhini, nilizikokotolea mzigo wa kushuka tu, za kuvutwa juu sikuziwaza kabisa. Nilichora boti. Mzee akatoa picha ya Onagawa, Japani, baada ya tsunami ya 2011, kituo kidogo cha polisi cha zege kimelala ubavu na paili zimeng'oka. Msingi wetu ulishaanza kuchimbwa. Mteja hakunisemesha tena mpaka mradi unaisha.

3. Kwa hiyo chini acheni nguzo, au kuta nyepesi za kuvunjika zenyewe, zile nzito zifuate njia ya maji zisiyakinge. Kule Aceh, Indonesia, kwenye ile ya 2004, msikiti wa Lampuuk ulibaki umesimama nyumba za jirani zimefagiliwa zote, maji yalipita katikati ya nguzo. Mkitaka ubishi kabishaneni na ule.

4. Msingi uende chini kweli, maji yakirudi baharini yanachimba mchanga vibaya.

5. Kava ya nondo, yaani zege linalofunika nondo! Chumvi haina huruma, ikipenya nondo zinaoza. Fundi ukimpa kisogo tu anaweka kokoto badala ya biskuti, vile vibloku vya kuinua nondo zipate kava, ukimuuliza anakwambia "injinia hii ngumu zaidi", nawe kwa aibu ya ugeni unanyamaza. Usinyamaze.

6. Jenereta juu. Fukushima, kile kituo cha nyuklia cha Japani, zilikuwa chini, tsunami ya 2011 ikazizamisha, mnajua kilichotokea.

7. Ngazi ya nje mpaka kwenye paa, hata majirani wapate pa kukimbilia. Na fuatilieni baada ya kukabidhi, kuna jengo nilikuta ngazi nzuri kabisa, geti lina kufuli, funguo anayo meneja, na meneja yuko likizo Moro.