Kabla hujapitisha rola ya sindano kichwani

Kinyozi wangu pale Sinza ndiye aliyenifumbua macho, tena kwa adabu zao za kinyozi. Alisimama nyuma yangu na mashine mkononi, akauliza, "Kaka, hapa utosini nipunguze sana au nipaache pafunike funike?" Sikuwa na habari kwamba kuna cha kufunika. Nilipofika nyumbani nikampa mke wangu simu anipige picha kwa juu. Akapiga, akaitazama, akanirudishia simu bila kusema neno, na mke wangu si mtu wa kukosa neno.

Nikaanza minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ile ya maji, asilimia 5, asubuhi na jioni. Miezi miwili ikapita, nikachoka kusubiri. Hapo ndipo nilipokutana na video za rola: kijigurudumu chenye sindano nyembamba kama nywele, unakipitisha kichwani, kinatoboa ngozi, unapaka dawa, dawa inazama. Akili yangu ikakubali palepale. Ardhi ngumu hulimwa kwanza ndiyo inywe maji, au sivyo? Nikashuka Kariakoo, nikachukua ya milimita 1.5 kwa sababu muuzaji alisema zile fupi ni za kina dada.

Ijumaa usiku nikajifungia bafuni. Nikapitisha rola huku na huku mpaka vikatokea vidoti vya damu, nikajisifu kwamba kazi imefanyika. Kisha nikamimina dawa, tena mara mbili ya kipimo. Moto uliowaka hapo siwezi kuuelezea vizuri. Maji ya minoksidili yana spiriti na propilini glaikoli, kimiminika cha kuyeyushia dawa, ndani yake, na mimi nilikuwa nimeyapeleka moja kwa moja kwenye nyama. Lakini kuwashwa lilikuwa jambo dogo. Baada ya kama saa moja, nikiwa kitandani, moyo ukaanza kwenda mbio kama wa mtu aliyekimbilia daladala. Alfajiri nilipoinuka kwenda kutawadha, ukuta ukazunguka, nikashika mlango. Mke wangu akasema, "Baba Zuhura, hizo nywele utazikwa nazo."

Daktari wa ngozi niliyekwenda kumwona ni mama mtu mzima. Alinipima presha, ikawa imeshakaa sawa, ndipo akaniuliza kama najua dawa ile ilitokea wapi. Sikujua. Minoksidili ilianza kama kidonge cha presha. Marekani walikiruhusu mwaka 1979. Wagonjwa waliokimeza wakawa wanaota nywele hata mahali wasipozitaka, na ya kupaka kichwani ikaja kuruhusiwa mwaka 1988. Kidonge hicho kinatanua mishipa, presha inashuka, moyo unaongeza mwendo kufidia. Ukiipaka kwenye ngozi isiyo na jeraha, inayofika kwenye damu ni kama asilimia 1.4 tu ya uliyopaka. "Sasa wewe, baba, umeondoa mlinzi getini," akaniambia, "halafu unashangaa wageni wamekuwa wengi?"

Huyo mlinzi nimemsoma sana tangu siku ile. Juu kabisa ya ngozi kuna utando wa seli zilizokufa zilizopangana kama matofali, katikati yake mafuta. Unene wake sehemu nyingi za mwili ni maikromita 10 hadi 20 (maikromita elfu moja ndiyo milimita moja), na karatasi ya daftari ni nene kuliko huo mara kadhaa. Ndio huo huo unaofanya uoge ziwani bila kulowana ndani. Wataalamu wana kanuni kwamba molekuli inayozidi daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupita hapo kwa shida mno. Insulini ina karibu 5,800, ndiyo maana watu wanajichoma sindano badala ya kujipaka. Na minoksidili? Ina 209. Ni ndogo, inapita yenyewe. Mimi nilikuwa navunja ukuta kumpitisha mtu mwenye ufunguo.

Kuna utafiti ambao kila muuza rola anautaja, wa Mumbai, India, uliochapishwa mwaka 2013. Wanaume 100 wenye upara waligawanywa makundi mawili, wote wakapewa minoksidili ya asilimia 5, na kundi moja likaongezewa rola ya milimita 1.5 mara moja kwa wiki. Baada ya wiki 12, waliotumia rola walikuwa wameongeza wastani wa nywele 91 katika eneo lililohesabiwa, wenzao 22. Hesabu hizo ni tamu, nami ndizo zilizonipeleka Kariakoo. Ila video hazisemi kwamba wale wanaume waliambiwa wasipake dawa siku ya rola. Walisubiri saa 24 ndipo wakaendelea. Kwa hiyo huwezi kusema zile nywele ziliota kwa sababu dawa ilimiminwa kwenye matundu. Madaktari wengi wanaona kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanywa na kidonda chenyewe: mwili unapojitengeneza hutoa kemikali zinazoamsha vinyweleo.

Kwa hiyo kama wewe ni mwenye rola na minoksidili, ushauri wangu wa kwanza ndio huo. Siku ya rola, chupa ibaki kabatini. Vitundu vikiachwa wazi huanza kujifunga mapema, vingi ndani ya siku moja. Ukivifunika na nailoni au kofia inayobana vinakaa wazi muda mrefu zaidi. Milimita 1.5 inayotoa damu ni ya zahanati, mikononi mwa aliyefunzwa. Za nyumbani ni zile za 0.2 au 0.25, na hata hizo usizigeuze mswaki wa kila siku.

Tena itazame rola yenyewe. Yangu niliimulika kwa tochi ya simu baada ya wiki chache. Sindano tatu zilikuwa zimepinda ncha kama ndoana. Nikaivuta polepole juu ya pamba, ikang'oa nyuzi. Sasa fikiria inafanya nini utosini. Ikishika pamba, tupa. Kuichemsha hakunyooshi sindano.

Na usiazime. Hili nalisema kwa ukali kwa sababu nimeiona saluni inayopitisha rola moja kwa wateja watatu, katikati wanaipuliza na kuipangusa kwa taulo. Huko Albuquerque, Marekani, kulikuwa na spa isiyo na leseni iliyochoma wateja nyuso kwa sindano na kuwapaka damu yao wenyewe iliyochujwa. Ilifungwa mwaka 2018, na baadaye ikathibitika kwamba wapo wanawake walioambukizwa virusi vya UKIMWI pale. Hawakwenda kutafuta chochote zaidi ya uso laini.

Mimi mwenyewe nilifanya kosa jingine la kijinga kuliko yote: Jumamosi asubuhi, kichwa kikiwa kimetobolewa usiku wa jana yake, nilipanda bodaboda nikavaa ile helmeti yao ya abiria. Unaijua harufu yake. Jumatatu nilikuwa na vipele vya usaha kisogoni kote.

Dada zangu, ninyi mna balaa lenu. Rola na mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha zina haidrokwinoni, nyingine zebaki, nyingine steroidi kali kama klobetasoli, na lebo haisemi. Zebaki hata bila rola hupenya ngozi na kwenda kuharibu figo. Ukishatoboa ngozi ndipo ukapaka kitu kama hicho, umejidunga sindano ya dawa usiyoijua jina wala kipimo. Hata seramu ya vitamini C ya dukani haikutengenezwa kuingia kwenye nyama. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walieleza habari za wanawake waliotokwa na vinundu vigumu usoni baada ya kuchomwa sindano juu ya bidhaa za aina hiyo. Kitu kilichotengenezwa kikae juu ya ngozi kiache kikae juu.

Wala si sindano peke yake inayofungua ngozi. Leza inafungua. Joto na unyevu vinafungua. Nailoni ya jikoni inafungua. Krimu ya ganzi ya lidokaini na prilokaini, ile wanayompaka mtoto kabla ya kumtoa damu, inafunikwa saa nzima ili izame, na hapo ni kazi nzuri kabisa, kwa kipande kidogo cha ngozi. Lakini mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya vifo vya wanawake wawili, mmoja wa miaka 22, mwingine 25. Walijipaka krimu ya ganzi miguuni kisha wakaizungushia nailoni, wajiandae kuondolewa vinyweleo kwa leza. Wakapata degedege, wakazimia, hawakuamka. Krimu, jamani. Ndiyo maana siku hizi nikisikia mtu anasema "ni ya kupaka tu" natega sikio.

Turudi kwa yule mama daktari, maana alikuwa hajamaliza. Aliniambia nivue shati. Nikashangaa, nimeleta kichwa. Akagusa begani penye kovu la chanjo ya utotoni, limevimba na kung'aa kama punje ya hindi. Kisha akapapasa kisogo changu, penye vile vipele vya mashine ya kunyolea vinavyoacha vinundu vigumu. "Wewe ngozi yako inaota keloidi," akasema. "Rola si ya kwako. Si fupi, si ndefu." Muuzaji wa Kariakoo hakuniuliza. Video hazikuniuliza. Sisi watu weusi tunapata makovu ya namna hiyo zaidi ya wengine, basi kabla ya kununua chochote chenye ncha, jikague begani, kifuani, masikioni palipotogwa. Ukikuta uvimbe, swali lako limeshajibiwa. Na ukiwa na fangasi, mba yenye vidonda au chunusi zenye usaha, kwanza zitibu, rola isubiri.

Akanibadilishia dawa, kutoka ya maji kwenda ya povu, kwa kuwa povu halina ile propilini glaikoli inayowasha. Moyo haujanisumbua tena. Huu ni mwezi wa nane natumia dawa. Utosini pamerudi kiasi, si msitu, ni kama shamba la mpunga lililopandikizwa juzi. Paji la uso limekataa kabisa, nami nimeliacha liende. Kinyozi ameshaacha kuniuliza maswali.

Rola niliitia ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga, nikafunga mfuniko, nikauzungushia selotepu mara tano na kuandika juu kwa maka: SINDANO. Vijana wanaopita na mkokoteni wa taka mtaani kwetu wanachambua kwa mikono mitupu.