Maswali na majibu: Kadi mbili za bolzi zikitofautiana, ifuatwe ipi?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nimeanza kucheza bolzi, mchezo wa kuviringisha matufe kwenye nyasi, mwaka huu katika klabu moja hapa Nairobi. Jumamosi iliyopita tulicheza wanne kwa wanne, raundi 18. Mimi nilikuwa mchezaji wa pili, nikakabidhiwa kadi ya alama. Raundi ya 12 jeki, yaani kile kitufe kidogo tunacholenga, ilikuwa imesukumwa hadi ukingoni mwa mtaro ulio mwisho wa uwanja, na matufe yetu matatu yalikuwa karibu nayo. Tufe moja la wapinzani, lenye alama ya chaki, lilikuwa limeshatumbukia mtaroni. Nikaandika 3, mwenzangu wa upande ule, anayeshika kadi yao, akaandika 1. Raundi ya 15 walipima wakasema ni sare. Yeye akaandika sifuri, mimi sikuandika kitu kwa kuwa hakuna aliyepata. Mwishoni kadi yangu ilisema tunaongoza 17 kwa 16 na bado raundi moja. Yake ilisema wameshinda wao, 16 kwa 15, na mchezo umekwisha. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako, katika yote mawili. Najua si jibu ulilolitaka, lakini nikikueleza sababu utakuwa umepata karibu hesabu nzima ya mchezo huu.

Tuanze na raundi ya 12. Kila raundi ya bolzi ina mshindi mmoja tu. Upande wenye tufe lililo karibu zaidi na jeki ndio unaopata pointi, na mwingine haupati kitu. Pointi ngapi? Tafuta tufe la wapinzani lililo karibu zaidi na jeki, kisha hesabu matufe ya washindi yaliyo karibu kuliko hilo. Ukilifikia la mpinzani, hesabu imekoma hapo hapo, hata kama nyuma yake mna matufe mengine matano. Ndiyo maana hakuna faida ya kuhesabu "yetu yaliyo karibu" kwa macho. Anza na lao.

Wewe ulilitoa hesabuni tufe la mtaroni, na kwa tufe la kawaida ungekuwa sahihi: likiangukia mtaroni limekufa, linatolewa pembeni. Ila hilo lilikuwa na chaki. Tufe linalogusa jeki katika mwendo wake wa kwanza hupigwa chaki, na tangu hapo hubaki hai hata likitumbukia mtaroni, mradi halijatoka katika mipaka ya njia yenu, yaani ukanda wa uwanja mnaochezea. Kwa hiyo lilikuwa limelala pale chini, nyuma tu ya jeki, karibu kuliko tufe lenu la pili na la tatu. Mlikuwa na tufe moja lililolishinda. Pointi 1.

Chaki hiyo ina masharti yake. Lazima ipigwe kabla tufe linalofuata halijasimama, au, kama kuligusa kutalisogeza, litangazwe kwa mdomo kuwa limegusa. Wakichelewa, tufe hilo linapoteza haki hiyo. Na raundi ikiisha, chaki ifutwe vizuri. Mabaki ya chaki ya raundi iliyopita yamezua ugomvi mwingi usio na sababu, kwa hiyo beba kitambaa.

Sasa raundi ya 15. Sare hutokea pale tufe la karibu zaidi la kila upande linapokuwa umbali sawasawa na jeki. Hakuna pointi, lakini raundi imechezwa na inahesabiwa. Unaandika 0 pande zote mbili na kuirudia jumla ileile. Ulipoiacha wazi, raundi ya 16 ukaiandika kwenye mstari wa 15, na ndiyo sababu mwishoni ukaona bado mnadaiwa raundi moja. Usiichanganye na raundi iliyokufa, yaani pale jeki inapotoka nje ya njia. Hiyo ndiyo haihesabiwi, na hurudiwa kama vile haikuchezwa. Baadhi ya mashindano huirudisha jeki mahali maalumu na mchezo ukaendelea, kwa hiyo uliza kabla ya kuanza.

Kuna jambo moja ambalo naona hukuelezwa ulipokabidhiwa kadi: anayeshika kadi haamui pointi. Katika timu ya wanne, hilo ni la wachezaji wa tatu wa pande zote mbili. Manahodha wakienda kutupa matufe yao ya mwisho, hawa wawili ndio wanaobaki kwenye jeki, wakikubaliana kwa macho, na wakishindwa wanapima kwa utepe, kutoka sehemu ya tufe iliyo karibu zaidi na jeki hadi sehemu ya jeki iliyo karibu zaidi na tufe. Wewe na mchezaji wa kwanza simameni nyuma, mbali na matufe, na msiokote chochote. Anayelisogeza tufe au jeki wakati wa kupima huupotezea upande wake pointi iliyokuwa ikibishaniwa. Halafu upande wowote una haki ya kuomba sekunde 30 tangu tufe la mwisho lisimame, hasa pale ambapo tufe limeegemea jingine na linaweza kuanguka. Subiri hizo nazo ziishe.

Wakishakubaliana, muulize mchezaji wako wa tatu kwa sauti: "Ngapi, kwa nani?" Andika alichokujibu. Kisha, na hapa ndipo Jumamosi yenu ilipoharibikia, mwendee mchezaji wa pili wa upande wa pili mlinganishe kadi kabla jeki haijarushwa tena. Kanuni inawataka nyinyi wawili mfanye hivyo kila raundi. Tofauti ya pointi 2 mngeimaliza pale pale, matufe yakiwa bado chini. Mlingoja hadi raundi ya 18, na ushahidi ulikuwa umeshaokotwa zamani.

Uandishi wenyewe ni mwepesi. Kila upande una safu mbili, pointi za raundi na jumla, na namba za raundi zimepangwa kwenda chini. Tuseme raundi ya 1 mmepata 2: andika 2, jumla 2, kwao 0, jumla 0. Raundi ya 2 wakapata 3: kwenu 0, jumla 2, kwao 3, jumla 3. Raundi ya 3 sare: 0 na 0, jumla 2 na 3. Usiache kisanduku hata kimoja. Ukiwa na shaka, jumlisha safu ya pointi kutoka juu. Lazima ilingane na jumla ya mwisho. Tena kumbuka ukomo: katika wanne kila mchezaji ana matufe mawili, kwa hiyo raundi moja haiwezi kuzidi pointi 8. Ya watatu, wenye matufe matatu kila mmoja, haizidi 9. Katika mchezo wa mmoja kwa mmoja, wenye matufe manne kila mmoja na ambao kwa kawaida huchezwa hadi pointi 21, haizidi 4, na kadi hapo hushikwa na msimamizi asiyecheza.

Kadi ya Jumamosi isahihishe: raundi ya 12 iwe 1, raundi ya 15 iwe 0 pande zote, na zilizofuata zishuke mstari mmoja. Utapata 15 kwenu na 16 kwao, raundi 18 kamili. Mpelekee nahodha wako aitie sahihi.