Kila mtu mjini kwao: nyimbo zangu za Krismasi

Jamani Desemba ndo hiyo, na kama we ni Mchaga unajua maana yake, ni kurudi nyumbani Kilimanjaro, nauli imepanda, basi la Moshi limejaa, na kuanzia Mbezi mpaka Same ni Boney M tu, lile kundi la disko, ikiisha flashi inaanza upya. Zamani ilikuwa inanikera kweli.

Sasa mwaka mmoja nikakosa siti, nikapewa ndoo nikae kwenye korido, kufika Korogwe mgongo umekufa, na ndo muda huohuo ikapigwa Mary's Boy Child, ile sehemu ya Yusufu na Mariamu wamefika Bethlehemu usiku na chumba hakuna. Nikacheka mwenyewe. Luka 2 si inasema watu wote walienda kuandikwa, kila mtu mjini kwao? Basi lile lote lilikuwa Luka 2, tena na mjamzito siti ya nyuma. Tangu hapo sijaulalamikia tena.

Baadaye nikaja kujua kwamba wimbo wenyewe sio wa Boney M, wao waliurekodi 1978, Harry Belafonte alishauimba 1956, na mtunzi ni Jester Hairston, Mmarekani mweusi, mjukuu wa watumwa. Mtu ambaye babu zake waliishi bila kuwa na pa kwao ndo anamwimba mtoto aliyekosa chumba. Nikiusikia sasa siusikii kama zamani.

Kwa hiyo ushauri wangu, chukua wimbo mmoja tu Desemba hii, uupendao, usome maneno yake yote halafu utafute mahali ulipotoka kwenye Biblia. Na tafadhali usiruke beti! Kwaya yetu Joy to the World tulikuwa tunaimba ubeti wa kwanza, wa pili, tunarukia wa mwisho ili tuwahi matangazo. Siku nimekaa na maneno yake yote nikashangaa, hamna hori humo, hamna wachungaji, hata Mariamu hayumo. Isaac Watts, mtunzi wa Kiingereza, aliutoa Zaburi ya 98, mwaka 1719, ni habari za Bwana anayekuja kutawala. Na ule ubeti tuliokuwa tunauruka ndo unasema baraka zinafika kila ilipofika laana, miiba ile ya Mwanzo 3. Mi nina mashamba ya miiba mengi tu maishani, na ubeti wangu ndo tuliokuwa tunaukata.

Halafu kuna mwaka sikwenda nyumbani kabisa. Kazini mshahara wa miezi miwili haukutoka, nikamdanganya mama kwamba nimepangiwa zamu, nikabaki chumbani kwangu Kimara na mkesha ule umeme nao ukakatika. Nikaimba Usiku Mtakatifu gizani, sauti yenyewe mbovu, nimelia kidogo sikatai. Wimbo ule padri mmoja, Joseph Mohr, aliandika maneno yake 1816, vita vya Napoleon vimeisha mwaka uliotangulia tu, na ulipoimbwa mara ya kwanza mkesha wa Krismasi 1818 kule Oberndorf, Austria, ulipigiwa gitaa, yeye na Franz Gruber aliyetunga tuni wakiimba wawili. Ule utulivu ni wa watu waliochoka, sio wa walioshiba. Ndo maana nakwambia, kama mwaka huu una msiba au umefulia, usijilazimishe zile za kurukaruka, anza na huu, bila spika, kwa mdomo wako mwenyewe.

Mwaka uliofuata nikamwambia mama ukweli kuhusu ile zamu. Akasema alijua, halafu akaanzisha Usiku Mtakatifu huku anamenya ndizi, anaimba sauti ya pili kama kawaida yake, hata kama hakuna wa kushika ya kwanza. Nikaishika.