Umepangiwa uhandisi. Sasa fani ipi?

Matokeo ya udahili yakitoka, vijana waliosoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) huniandikia swali lile lile: "Kaka, ujenzi na umeme, ipi ina ajira?" Huwa silijibu. Utakaa darasani miaka minne, na soko utakalolikuta ukitoka hakuna anayelijua leo, hata mjomba wako wa wizarani.

Mimi huuliza hivi: kazi gani ya kuchosha unaweza kuifanya bila kununa? Mimi ni wa ujenzi. Watu huona daraja siku ya kukata utepe. Hawaoni vipande vya zege vya sentimita 15 kila upande, tunavyovitoa kwenye maji siku ya 7 na ya 28 tangu vimwagwe na kuvibana kwenye mashine hadi vipasuke, ili tujue zege lina nguvu kiasi gani. Mmoja anasoma kipimo, mwingine anaandika, kisha kinawekwa kingine. Kuna niliosoma nao ambao kazi hiyo iliwachosha mapema wakakimbilia programu za kompyuta, na wako vizuri tu. Mimi hadi leo napenda kukiangalia kipande kilichopasuka sawasawa: mbavu zote nne zimebanduka, katikati kimebaki kiuno chembamba.

Wa mitambo nao wana grisi na beringi zao. Wa umeme atashinda na mita mkononi akitafuta waya mmoja uliokatika.

Halafu usidhani fani ni chumba unachofungiwa. Chukua Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji. Limesanifiwa kutoa megawati 2,115 kwa mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Ukuta ni wa watu wa ujenzi, turbaini za watu wa mitambo, jenereta na laini ya kwenda Chalinze za watu wa umeme, na kabla yao wote kuna waliopima mto na miamba. Ukivutiwa na maji, unaweza kuyafuata kwa njia zote hizo. Mimi ningeanza na kitu kinachonivuta, jina la shahada lifuate.

Kama bado huna uhakika, nenda kaone. Omba kwa mkandarasi wa mtaani au karakana wakuruhusu ushinde hapo wiki moja, hata kwa kubeba ndoo, na uwaulize mafundi maswali. Wengi wanapenda kueleza kazi yao kuliko walimu wetu wengi, wanisamehe.

Ukigundua umepotea njia, wahi. Uhamisho wa kozi huwezekana mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, nafasi ikiwepo na alama zako zikikubali. Nenda ofisi ya udahili na vyeti vyako wiki ya kwanza. Bumu, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, likishaingia na ratiba ya majaribio ikibandikwa, dirisha huwa limefungwa.