Yule paka alishindaje?

Kaka, umeuliza vipi Flow, katuni ya paka isiyo na neno hata moja, iliwapiku wakubwa wa Hollywood, na kama wakosoaji hawakupewa bahasha. Bahasha gani! Chama cha wakosoaji cha New York na kile cha Los Angeles vyote viliiteua katuni bora ya 2024, nao ni waandishi tu. Oscar hupigiwa kura na wenye kazi yenyewe ya filamu, na Machi 2025 nao wakaipa, mbele ya Inside Out 2 na The Wild Robot. Tena hao wa Los Angeles hutuza katuni tangu 1989. Oscar ya katuni ilianza na filamu za 2001.

Ila jibu liko kwa paka mwenyewe. Niliitazama kwenye simu, barazani hapa Lamu, na wapwa zangu wawili. Watoto waliokulia katikati ya paka huwadanganyi kwa paka bandia. Masikio yalipolala nyuma tu, yule mdogo akanong'ona, "Ashaudhika huyo." Na ndege karani aliposhika usukani wa mashua ya tanga, wakabishana kama anajua kazi. Mkubwa akasema hajui.

Halafu Gints Zilbalodis wa Latvia na wenzake waliitengeneza kwa Blender, programu ya kutengenezea katuni, tena ya bure kabisa. Hata wewe waweza kuipakua usiku huu, umeme ukituachia.