Maswali ya Wasomaji: Ruta Ina Linux, Msimbo Wake Uko Wapi?

Nimenunua ruta ya bei nafuu Kariakoo. Ndani ya boksi kuna kikaratasi cha herufi ndogo kinachotaja GPL. Kinanipa haki gani, na nitajuaje ndani ya ruta mna nini? — Msomaji, Dar es Salaam

Kikaratasi hicho ni ahadi yenye uzito wa kisheria. Kerneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi huo) na BusyBox (mkusanyiko wa amri za msingi), ambazo ziko kwenye ruta nyingi za nyumbani, hutolewa kwa GPL toleo la 2, leseni ya programu huria inayomtaka anayesambaza programu atoe na msimbo wake. Anayeuza kifaa chenye programu hizo ana njia mbili: aambatanishe msimbo chanzo (programu kama ilivyoandikwa na watu, kabla ya kugeuzwa kuwa lugha ya mashine) na kifaa, au atoe ahadi ya maandishi, isiyopungua miaka 3, ya kumpa msimbo yeyote atakayeuomba, kwa malipo yasiyozidi gharama ya kuunakili na kuutuma. Kukaa kimya si njia ya tatu.

Kujua kilichomo, pakua faili la sasisho kutoka tovuti ya mtengenezaji, kisha kwenye kompyuta ya Linux andika `binwalk -e` (binwalk ni programu ya kuchambua mafaili ya aina hii) na jina la faili. Ukipata Squashfs (mfumo wa mafaili uliobanwa), ingia kwenye folda iliyofunguliwa. Folda ndogo ndani ya `lib/modules` kwa kawaida hubeba namba ya toleo la kerneli, na `strings bin/busybox | grep BusyBox` itakupa toleo la BusyBox. Nakili namba hizo, maana ndizo ushahidi wako.

Faili likiwa limefumbwa, binwalk haitaona kitu cha maana. Hapo fungua kifuniko utafute pini za seria kwenye bodi, mara nyingi tatu au nne kwa mstari. Kwa kusoma tu zinatosha nyaya mbili: GND (ardhi) kwa GND, na TX (kutuma) ya ruta kwa RX (kupokea) ya adapta ya seria ya kompyuta yako. Waya wa umeme usiuguse, na adapta iwe ya volti 3.3, kwani ya volti 5 inaweza kuunguza chipu. Kasi huwa 115200, mara chache 57600. Washa ruta, na kama ina Linux, kwa kawaida mstari wa "Linux version" utapita mapema kabisa.

Niliandika kuomba msimbo. Baada ya wiki tatu nikapewa faili la zip la megabaiti 300, lakini halijengeki. Wanasema wamemaliza wajibu wao. Ni kweli? — Msomaji, Mombasa

Kwanza jiondolee shaka upande wako. Umelifungulia wapi faili hilo? Kerneli ya Linux ina mafaili ambayo majina yake hutofautiana kwa herufi kubwa na ndogo tu. Kwenye netfilter, sehemu ya kerneli inayochuja pakiti za mtandao, mna `xt_DSCP.c` na `xt_dscp.c`. Ukifungua zip kwenye Windows, moja hufuta jingine, kisha unalaumu kampuni bure. Fungua upya kwenye Linux. Pia msimbo wa miaka kumi iliyopita mara nyingi hugomea kompaila mpya (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine). Kama ndani ya zip wametaja toleo la gcc, tumia hilo hilo.

Bado haijengeki? Basi tafuta kimoja kimoja. Je, faili la `.config` la kerneli lipo? Bila hilo hujui walijenga nini. Je, kerneli ina mabadiliko ya bodi yako, au wamekupakulia kerneli ya kawaida ambayo ungeipata mwenyewe? Mafaili ya `.ko` (moduli za kerneli) yaliyo kwenye ruta yote yana chanzo chake? Kuna ile programu inayobandika kichwa na hesabu ya ukaguzi kwenye faili la mwisho, ambayo isipokuwepo ruta itakataa ulichojenga? Hii ya mwisho ndiyo husahauliwa zaidi, na si bahati mbaya kila mara.

Leseni yenyewe imejibu hoja yao. Kifungu cha 3 kinasema msimbo kamili ni pamoja na skripti zinazoongoza ujenzi na usakinishaji. Ujerumani jambo hili lilifika mahakamani Berlin mwaka 2023: mnunuzi wa FRITZ!Box ya kampuni ya AVM, akisaidiwa na Software Freedom Conservancy, shirika la kutetea programu huria, alidai skripti zilizokosekana kwa maktaba za LGPL 2.1, leseni ndugu ya GPL. AVM ilizitoa kesi ikiwa inaendelea, na ikalipa gharama za kisheria za mnunuzi huyo.

Waandikie tena, kwa ufupi. Taja modeli, toleo la bodi lililo kwenye stika (V1 na V2 za jina moja zinaweza kuwa na chipu tofauti kabisa), toleo la programu, na orodha ya vilivyokosekana pamoja na ujumbe wa kosa la kwanza la `make` (amri ya kujenga). Wape siku 30. Usidai msimbo wa programu zao wenyewe zisizohusiana na GPL, maana ukidai hata usichostahili wanasheria wao watajibu hilo tu na kuacha mengine.

Naagiza ruta 500 kutoka Shenzhen na kubandika nembo yangu. Kiwanda kinasema suala la leseni ni lao. Nilale usingizi? — Mfanyabiashara, Nairobi

Hapana. Anayesambaza ndiye anayebanwa, na kwa nembo hiyo msambazaji ni wewe. Mwaka 2004 Harald Welte, mmoja wa waandishi wa netfilter, alipata amri ya mahakama ya Munich dhidi ya Sitecom, kampuni ya Uholanzi iliyouza ruta zenye netfilter, ikizuiwa kuzisambaza bila kutimiza masharti ya GPL. Mwaka 2007 waandishi wa BusyBox walipoishtaki Verizon nchini Marekani, ruta zilikuwa zimetengenezwa na Actiontec. Aliyeshtakiwa ni mwenye jina kwa mteja.

Hata wakubwa wamenaswa hivyo. Cisco iliinunua Linksys mwaka 2003, na mwaka huo huo ikabainika kwamba ruta ya WRT54G ilikuwa na Linux bila msimbo wake kutolewa. Free Software Foundation, shirika lililoandika GPL, iliishtaki Cisco Desemba 2008, wakapatana Mei 2009: Cisco ikakubali kuteua mkurugenzi wa programu huria kwa ajili ya Linksys na kuchangia fedha.

Fanya hivi kabla ya kulipa. Omba sampuli mbili na msimbo wake. Mpe fundi ajenge kwenye kompyuta safi isiyo na intaneti, ili ionekane kama kuna kinachopakuliwa kwa siri kutoka seva ya kiwanda. Kilichojengwa apakie kwenye sampuli moja, na ya pili ibaki ya kulinganisha. Isipowaka, shikilia malipo ya mwisho, kwani fedha zikishatoka kiwanda hakitajibu barua pepe. Nakala ya msimbo ikae kwako, si kwao, kwa kila toleo unalotoa, hadi miaka 3 baada ya kuuza kifaa cha mwisho. Kwenye boksi weka karatasi ya ahadi yenye anwani inayosomwa na mtu.

Je, kuweka msimbo kwenye tovuti peke yake, bila karatasi ya ahadi, kunatosha? GPL toleo la 3 inaruhusu wazi kuweka msimbo kwenye seva. Toleo la 2, kwa kifaa halisi kinachouzwa, halikutaja hivyo, kwa hiyo weka vyote viwili, tovuti na karatasi.

Je, mimi mnunuzi naweza kushtaki? — Msomaji, Arusha

Njia iliyozoeleka ni ya hakimiliki, na mwenye kushtaki ni mwandishi wa programu. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 na ya Tanzania ya 1999 zote zinalinda programu za kompyuta, kwa hiyo mwandishi ana pa kusimamia hata huku. Kwa mnunuzi njia ni changa: mwaka 2021 Software Freedom Conservancy iliishtaki Vizio huko California kama mnunuzi wa televisheni, ikidai haki ya mkataba. Kwa hali yako, peleka ushahidi kwa wenye hakimiliki au shirika kama hilo. Usifanye biashara ya vitisho. Mwaka 2016 timu ya netfilter ilimsimamisha mwenzao mmoja kwa namna alivyokuwa akidai fedha.

Tukiwabana, si wataacha Linux tu? — Msomaji, Kampala

Wengine huacha. WRT54G ya toleo la 5, mwaka 2005, ilihamia VxWorks, mfumo endeshi mwingine usio Linux, na kumbukumbu zikapunguzwa hadi megabaiti 2 za flashi na 8 za RAM. Lakini wateja waliotaka Linux walikuwa wengi kiasi kwamba Linksys ikatoa WRT54GL kwa ajili yao, na msimbo uliotolewa mwaka 2003 ndio uliozaa OpenWrt, mfumo huria wa Linux kwa ajili ya ruta.

Ruta yangu ni ya mtumba, haina boksi wala risiti. Nina haki? — Msomaji, Tanga

Unayo. Ahadi ya GPL toleo la 2 ni kwa mtu yeyote, si mnunuzi wa kwanza peke yake. Kasoro ni muda: kama modeli iliacha kuuzwa zaidi ya miaka 3 iliyopita, huenda ahadi imekwisha. Angalia kwanza kama modeli na toleo la bodi vipo kwenye orodha ya vifaa vya OpenWrt.