Dharura haimsubiri mjomba: majibu ya maswali yenu

Niliomba mniandikie kuhusu dharura za kiafya, zile zinazotokea nyumbani, shambani au njiani kabla mgonjwa hajamwona mtaalamu. Maswali yamekuja mengi, kuanzia Kilwa hadi Newala. Nimechagua yanayofanana na niliyoyaona mwenyewe kwenye kazi ya uuguzi katika mikoa hii miwili, Lindi na Mtwara. Mengine nimeyafupisha.

Shikamoo nesi. Shemeji yangu alijifungua nyumbani usiku, damu ikawa haikatiki. Wazee wakasema tumsubiri mjomba wake atoke Newala ndipo aamue. Hospitali tulifika baada ya muda wa saa nne. Amepona, lakini kwa shida sana. Tulikosea wapi? (Tandahimba)

Marahaba. Namshukuru Mungu shemeji yupo, kwa sababu damu ya baada ya kujifungua inaweza kummaliza mtu ndani ya saa mbili tu. Mtoto na kondo vikishatoka, mji wa mimba unatakiwa ujikaze na kuibana mishipa iliyokuwa inalisha kondo. Usipojikaza, ni kama bomba lililoachwa wazi. Kitambaa au pedi ikilowa chepechepe ndani ya dakika tano, hiyo si damu ya kawaida ya uzazi, na hakuna cha kusubiri.

Sasa kuhusu mjomba. Kwetu huku, kwa Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, mjomba ana neno lake kwa watoto wa dada yake. Siombi desturi hiyo iondoke. Ninachoomba ni neno la mjomba lichukuliwe mapema. Mimba ikifika miezi saba mwiteni, ale ugali hapo nyumbani, kisha mumuulize mbele ya watu: likitokea la kutokea usiku nawe uko mbali, nani aamue? Atamtaja mtu. Nimeshuhudia familia mbili zikifanya hivyo, na wajomba wote wawili walifurahi kuulizwa. Siku hiyohiyo ulizeni na mengine: nani ana pikipiki au gari, fedha iko wapi, nani atabaki na watoto, nani atakwenda kutoa damu. Msimu wa korosho fedha ipo. Mwezi wa pili na wa tatu, mvua inanyesha na ghala ni tupu, ndipo watu huanza kuhangaika kukopa usiku wa manane mgonjwa akiwa mkekani. Kikundi chenu cha kuweka na kukopa kiwe na mfuko mdogo wa usafiri usioguswa kwa jambo jingine.

Kuna pia namba 115 ya mpango wa m-mama, na haikukati salio. Ni kwa ajili ya mjamzito, mama aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga. Ukipiga, aliye kituoni atakuuliza dalili, kisha atatafuta gari la wagonjwa, au dereva wa jamii aliyesajiliwa kama gari hilo liko mbali. Dereva huyo halipwi na familia. Iandikeni namba hiyo kwa mkaa ukutani, karibu na mlango, maana simu yenye namba zote ndiyo huwa imezimika chaji usiku huo.

Mkiwa njiani, mama ajitahidi kukojoa, mtoto awekwe ziwani anyonye, na mtu mmoja asugue tumbo chini ya kitovu mpaka asikie limekuwa gumu kama mpira. Afanye hivyo safari nzima. Na mimba ijayo, tafadhali, azalie kituoni.

Kaka yangu alidondoka juu ya mkorosho akipogoa matawi. Tulimpakia bodaboda mshikaki, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika. Miguu haikurudi. Watu wananiambia mimi ndiye niliyemharibu. Ni kweli? (Nachingwea)

Pole sana, kaka. Inawezekana kabisa uti wa mgongo uliumia palepale alipogonga chini, na hakuna anayeweza kukuambia kwa uhakika kwamba ni wewe. Ulifanya alichofanya kila mtu kijijini kwako, kwa upendo, na hicho ndicho nitakachowaambia wanaokusema.

Kwa wengine, na kwa wakwezi wa minazi vilevile: aliyeanguka kutoka juu na analalamika shingo au mgongo, au anasema miguu imekufa ganzi, asiketishwe. Tafuteni ubao mpana, mlango wa jikoni unafaa. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kikae sawa na mwili, wengine watatu au wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo, mlango uingizwe chini yake, kisha arudishwe chali. Kanga zilizosokotwa ziwekwe huku na huku kwenye masikio ili kichwa kisigeuke. Kisha tafuteni gari ambalo mlango ule utalala, hata Kenta ya mizigo. Nusu saa ya kulisubiri hilo gari ni bora kuliko mshikaki, isipokuwa kama anavuja damu nyingi au anapumua kwa shida. Damu nyingi hubanwa kwa nguvu kwa kitambaa kilichokunjwa, bila kuachia achia ili kuchungulia.

Mtu akiumwa na nyoka, jiwe jeusi linasaidia? (Liwale)

Halisaidii. Wala kuchanja, kunyonya jeraha au kufunga kamba kwa nguvu. Nimeona mguu uliooza kwa kamba, si kwa sumu. Vua pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujapanda. Mgonjwa atulie, kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye kijiti kisichezecheze, abebwe asitembee. Akiumwa na kifutu utaona uvimbe na maumivu makali. Koboko anaweza asiache uvimbe wowote, ila kope zinalegea na ulimi unakuwa mzito, na huyo anahitaji kusaidiwa kupumua mapema. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji safi mengi robo saa nzima. Si kila zahanati ina dawa ya kuzima sumu, kwa hiyo mmoja apige simu wakati mnaondoka aulize iko wapi, msije mkazunguka vituo vitatu. Usimkimbize nyoka ili umlete hospitali.

Nilifika idara ya dharura saa moja asubuhi na maumivu ya tumbo. Aliyekuja saa tatu akahudumiwa kabla yangu. Hii si rushwa? (Mtwara mjini)

Naelewa hasira yako, maana umekaa kwenye benchi unaumwa na hakuna aliyekueleza kitu. Idara ya dharura haifuati foleni ya kufika, inafuata nani atakufa kwanza. Nesi wa mapokezi hupima mapigo, pumzi, presha na fahamu, kisha anampa mgonjwa rangi: nyekundu anaingia papo hapo, njano anasubiri kidogo akiangaliwa, kijani anaweza kusubiri zaidi. Utaratibu huu si wa zamani sana kwetu. Idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na majengo mengi ya dharura mikoani yamekuja baada ya fedha za UVIKO-19. Tulikosea sisi wahudumu kufungua majengo bila kuwaeleza watu yanavyofanya kazi. Ila ukiwa umekaa na hali ikabadilika, ukahisi kizunguzungu au tumbo likawa gumu kama ubao, inuka useme. Rangi hubadilishwa.

Mume wangu alipuliza dawa mikorosho kutwa nzima. Jioni akatokwa na mate na jasho, akasema haoni vizuri. Nikampa maziwa karibu lita nzima. Nilifanya sawa? (Masasi)

Dada, maziwa yamekaa vichwani mwetu kama dawa ya kila sumu, na ninatamani sana yatoke. Sumu ya kupuliza hupita kwenye ngozi na pumzi, maziwa tumboni hayaifikii. Mtu aliyelegea akitapika maziwa hayo, yanaingia mapafuni, na sasa ana matatizo mawili.

Kitu cha kwanza ilikuwa kumvua nguo zote, kwa sababu shati lililolowa dawa linaendelea kumnywesha sumu hata akiwa amelala kitandani. Kisha kumwogesha kwa sabuni na maji mengi, kuanzia nywele hadi kwenye kucha. Anayemwogesha avae mifuko ya nailoni mikononi kama hana glavu. Halafu hospitali, na kopo la dawa mkononi. Nasisitiza kopo. Salfa ya unga kwa kawaida inawasha macho na kifua, lakini baadhi ya dawa za maji za wadudu hushika mishipa ya fahamu: mate, machozi, jasho, kifua kinakoroma, mboni za macho zinakuwa ndogo kama kichwa cha sindano. Kwa hizo tunatumia atropini, na tukisoma jina kwenye kopo hatupotezi muda kubahatisha.

Na hili hukuuliza, lakini nalisema kila msimu: msimimine dawa iliyobaki kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Nimempokea mtoto wa miaka mitatu aliyeona chupa ya rangi ya chungwa chini ya kitanda cha babu yake.

Mwanangu alishikwa degedege. Bibi akasema akipigwa sindano atakufa, tumfukize kwanza kinyesi cha tembo. Je, sindano inaua? (Nanyamba)

Sindano haiui. Ila naelewa imani hii imetoka wapi. Mtoto alikuwa akifukizwa siku nzima, malaria ikipanda kichwani, jioni anafikishwa zahanati amebakiza pumzi chache, anapigwa sindano, anafariki. Watu waliona sindano. Hawakuona zile saa za nyuma. Mwambie bibi hivyo kwa upole, maana naye amezika watoto.

Mtoto akidegedeka mlaze ubavu, legeza nguo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu. Tazama saa. Ikizidi dakika tano, au akirudia, au asipoamka vizuri, ni safari ya haraka. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita asiyeweza kumeza, kituoni wanaweza kumpachika dawa ya malaria iitwayo artesunate njia ya haja kubwa kabla ya kumpeleka mbele. Hiyo inanunua muda tu. Wazazi wengine wakiona mtoto amechangamka njiani wanageuza pikipiki kurudi nyumbani. Msigeuze.

Majeruhi wa ajali lazima apitie polisi kwanza kuchukua fomu ya PF3? (Lindi)

Uhai unatangulia. Mmoja aende na majeruhi hospitali, mwingine aende polisi kuifuata fomu.

Kila tukiwa na mgonjwa tunaambiwa tutoe damu. Kwani damu tunazotoa zinakwenda wapi? (Ruangwa)

Zinakwenda kwa watoto wenye malaria walioishiwa damu, kina mama wa uzazi na majeruhi wa pikipiki, na haziwekeki milele. Seli nyekundu hukaa kwenye jokofu wiki tano au sita, baada ya hapo hazifai.

Lakini tatizo kubwa ni wakati tunaotoa. Damu unayotoa leo kwa ajili ya dada yako aliyelala pale ndani lazima kwanza ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Kipimo kinachukua muda, na dada hana muda. Iliyomwokoa ni ya mtu asiyemjua, aliyeitoa wiki mbili zilizopita. Ndiyo maana shule zikifungwa tunaingia wasiwasi, wanafunzi ndio wachangiaji wetu wakubwa. Ukiwa na miaka 18 hadi 65, kilo 50 au zaidi na afya njema, unaweza kutoa: mwanaume kila miezi mitatu, mwanamke kila miezi minne. Mkiniuliza mimi, siku ya malipo ya korosho kila chama cha msingi kialike timu ya damu salama ikae hapohapo chini ya mwembe.

Mimi ni nesi mwenzio, tuko wahudumu wawili kwenye zahanati ya mbali, barabara inakatika kila masika. Tujiandaeje na tulichonacho? (Kilwa)

Mwenzangu, swali lako ndilo limenikalisha usiku. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga na watu wakakwama. Ukiwa na dawa za wiki moja kabatini, umeshachelewa. Agiza akiba ya masika kabla mvua haijaanza, na uandike pembeni sababu yake ili aliyeko wilayani aelewe kwa nini umeomba zaidi.

Oksitosini, dawa ya kuukaza mji wa mimba, ikae kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika kwa muda mrefu andika saa ulipokatika na uliporudi, maana dawa iliyopata joto inaonekana nzima machoni lakini mji wa mimba hauisikii. Sinia la dharura liwe na orodha iliyobandikwa juu yake, likaguliwe kila zamu inapopokezana, hata kama jana hakuna aliyeligusa. Fanyeni mazoezi ya kumpumulisha mtoto kwa ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa mapafuni, ninyi wawili, mkitumia mwanasesere wa matambara. Dakika kumi kila Ijumaa zinatosha. Jueni pia nani kijijini ana mashua, kwa siku ambayo gari halitapita.

Nikupe na langu. Usiku mmoja, kwenye kituo ambacho sitakitaja, tulipokea mtoto aliyebanwa kifua, midomo imekuwa ya bluu. Mtungi wa oksijeni ulikuwepo, umejaa, umesajiliwa kwenye daftari. Spana ya kuufungulia haikuwepo. Tulitafuta kwenye droo, chini ya vitanda, mlinzi akakimbilia kwa fundi baiskeli kugonga dirisha. Mama yake alikuwa amesimama pale, mkono mmoja ameshika mtungi, haelewi kwa nini hatuufungui. Spana ilipatikana baada ya dakika ishirini. Mtoto hakutusubiri.

Tangu hapo, popote ninapofanya kazi, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuifunga spana kwenye shingo ya mtungi kwa kamba ya katani, mafundo mawili. Kamba ya dukani ni rahisi. Ifunge kesho.